Watu wa Treni

Baba aliposimama, kiti chake kilianguka nyuma kwa kishindo, na ukumbi mzima wa kanisa ukageuka kumtazama. Hakukiinua. Alibaki ameshika kofia yake kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi, na mimi niliyekaa kando yake nikainamisha macho sakafuni. Nilijua atakachosema. Au nilidhani najua.

Nilikuwa nimeshuka kutoka Newcastle Ijumaa ile na kuukuta mtaa umepasuka vipande viwili. Nyumba yetu iko nyuma ya kituo cha treni, pembezoni mwa London, na kwa miaka mingi watu waliotoka mbali zaidi walikuwa wakija alfajiri, wanaacha magari yao mbele ya milango yetu, wanapanda treni kwenda mjini. Kufika wakati wa chai ya asubuhi huoni hata mwanya wa kuegesha baiskeli. Sasa halmashauri ilitaka kuweka vibali: siku za kazi, wakazi peke yao ndio waegeshe. Ungedhani watu wangeshangilia. Badala yake kila dirisha lilibandikwa karatasi, nyingine NDIYO, nyingine HAPANA, na majirani waliozoea kusalimiana wakawa wanavuka barabara kukwepana.

Dirisha la baba lilisema HAPANA. La jirani yake, Gordon Pask, lilisema NDIYO kwa herufi nyekundu. Nyumba zao zimeshikana ukuta mmoja, na hao wawili walikuwa marafiki tangu kabla sijazaliwa.

"Baba, wewe huna hata gari," nilimwambia jikoni.

"Kumbe siku hizi maoni yanaendeshwa kwa magurudumu?"

"Na Sheila je?"

Sheila ni mke wa Gordon. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kila wiki alipelekwa hospitali mara kadhaa kusafishwa damu. Alirudi hana nguvu hata ya kushika mkoba. Kutoka popote Gordon alipobahatika kupata nafasi ya gari hadi mlangoni kwao ilikuwa safari. Wakati fulani alikaa kwenye ukuta wa bustani ya watu asiowajua, mvua ikimnyeshea, akingoja miguu imrudie.

"Habari za Sheila nazijua," baba alisema, akafungua bomba kwa nguvu ili maji yazime mazungumzo.

Gordon naye aliniita kwenye ua wa nyuma. "Mwambie baba yako kwamba ukaidi si kazi ya kustaafia."

Sauti ya baba ikatoka dirishani: "Mwambie huyo kwamba nasikia!"

Nilikuwa upande wa Gordon, na sikuficha. Niliona baba anakuwa mzee mkaidi kwa sababu mama hayupo tena wa kumtuliza.

Ukumbini siku ile, Bwana Hallam wa nyumba ya kona ndiye aliyepigiwa makofi zaidi. "Hawa watu wa treni ni wavamizi," alisema. "Wanaacha mikweche yao milangoni petu kana kwamba mtaa huu waliachiwa na mama zao." Watu wakacheka. Ndipo kiti cha baba kilipoanguka.

"Mmoja wa hao wavamizi anaitwa Yvette," baba alianza, kwa sauti ndogo hadi walio nyuma wakamwomba apaze. "Gari lake ni lile dogo, mlango umebonyea. Mimi huwa niko getini asubuhi. Ananiuliza nimelalaje. Ananiambia sharubu zangu zinatia aibu. Basi, ni hayo tu, halafu anakimbilia treni." Alizungusha kofia mikononi. "Mwezi wa pili nilianguka bafuni. Nyonga ilikataa kabisa, nikabaki pale chini tangu jioni. Asubuhi Yvette akaona sipo getini. Treni yake ikaondoka, yeye akaiacha. Alipiga mlango, akaniita kupitia tundu la barua, nikamjibu, akaita gari la wagonjwa. Simlaumu mtu. Mna kazi zenu, mna watoto. Lakini aliyejua kwamba sipo alikuwa mvamizi."

Mwezi wa pili nilikuwa nimempigia simu kila Jumapili, na kila Jumapili alinieleza habari za theluji.

Kisha Sheila akasimama. Mara ya kwanza alishindwa, akarudi kitini. Mara ya pili Gordon alimshika kiwiko, akasimama akiyumba.

"Wilf, ukuta wetu ni mmoja. Kwa nini hukugonga?"

"Siku ile ulikuwa umetoka hospitali," baba akasema. "Nilimsikia Gordon akikupandisha ngazi."

"Mpumbavu wewe," Sheila alisema, na machozi yakaanza kumtoka. "Mpumbavu mkubwa wewe."

Mwenyekiti, kwa kukosa la kufanya, akaitisha kura. Wanaotaka vibali wanyooshe mikono. Mikono ikapanda. Wa Gordon ulifika nusu ukasimama hewani. Halafu baba akanyoosha wake, juu kabisa.

"Mzee, umekosea," kijana mmoja wa upande wa HAPANA alimnong'oneza. "Sisi bado."

"Swali nimelisikia, mwanangu. Masikio bado ni yangu."

Tulirudi nyumbani. Mlangoni nikamuuliza kwa nini amebadili kura. Alikuwa akipekua mifuko kutafuta funguo.

"Umemwona Sheila alivyosimama?" alisema tu.

Vibali vilianza majira ya kupukutika majani. Nilishuka tena wakati huo, na asubuhi nikachungulia dirishani nikaona mtaa niliokuwa nimeusahau: mpana, mtupu, ndege wanasikika. Gari la Gordon lilikuwa limeegeshwa sawasawa na mlango wao. Nilitarajia kumkuta baba amejikunja kwenye kiti akiutazama utupu ule. Nilimkuta sebuleni anafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kazini," alinijibu.

Nilimfuata. Alichechemea kupita uwanja wa watoto, akapita kibao kinachotangaza mwisho wa eneo la vibali, akaingia mtaa wa pili yake. Magari yote yalikuwa yamehamia huko, na madirisha ya huko tayari yalikuwa yameanza kuota karatasi. Mwanamke mmoja mnene, kilemba cha bluu kichwani, alikuwa akifunga mlango uliobonyea.

"Mzee wangu! Leo umekuja na mlinzi?"

"Ni binti yangu, Beatrix. Anakaa kaskazini."

Yvette alinitazama kwa muda. Hakukuwa na lawama usoni mwake, na afadhali ingekuwapo. Akamgeukia baba. "Hizo sharubu zitaanza kula chakula kabla yako."

"Ziache, nazo zina njaa."

Alicheka, akambana mkono, akakimbilia kituoni.

Kurudi ni mlima. Katikati baba aliegemea sanduku la posta ili avute pumzi, nami nikasema lile nililokuwa nimelibeba tangu siku ya ukumbini.

"Kwa nini hukuniambia ulipoanguka?"

"Ungekuja."

"Bila shaka ningekuja!"

"Ungekuja, ungekaa kaa, ungenipikia. Halafu ungerudi kwako." Alikuwa akitazama chini, mteremko tuliotoka. "Nyumba huwa mbaya zaidi ukishaondoka, mwanangu. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeizoea."

Nilimpa mkono aushike. Tulipanda taratibu hadi nyumbani.

Treni niliyopaswa kupanda ilipita nyuma ya nyumba asubuhi ileile, ikatikisa vikombe kabatini. Nilikuwa jikoni nakoroga uji, na baba amesimama begani kwangu akilalamika kwamba nauacha unashika chini.