Bei ya Kuanzia

Fadhila hakuwa mtu wa kubembeleza wateja, msije mkamsingizia. Watu walikuja wenyewe mpaka barazani kwake, pale mjini Kamina, wakitafuta mashuka ya arusi: mashuka meupe aliyoyadarizi kwa mkono, maua pembeni, majina ya bwana na bibi arusi kwenye foronya. Lakini maharusi wa siku hizi wananunua mashuka ya kiwandani, yenye maua makubwa kama makabichi, ukiyafua mara mbili maua yote yamehamia kwenye beseni. Basi wateja wake wa kweli wakabaki wale waliohamia Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na kutoka huko baraza la Fadhila halionekani.

Kaka yake Djafari, mfanyabiashara wa Kolwezi, alishasema lake. Tangu mume wa Fadhila afariki, hakuacha kumpigia simu.

"Mudogo wangu, jaribu biashara yako mpaka Idi. Ikikataa, unakuja huku, unakaa na wifi yako, unakula, unapumzika. Chumba kiko tayari."

Wema mtupu, nani atabisha? Ila Fadhila alijua maana ya kukaa kwa watu: kuomba sabuni, kuomba nauli, kuomba ruhusa ya kwenda msibani. Tangu usichana alikuwa amekula jasho la sindano yake. Alitaka kubaki Kamina na kazi yake.

Ndipo akaenda kwa Abigaïl, mama mwenye duka la kutengeneza simu karibu na gare, yaani stesheni ya treni. Abigaïl alikuwa Mkatoliki na Fadhila Mwislamu, lakini walikuwa wametaniana miaka mingi mpaka kila mmoja alijua sikukuu za mwenzake kuliko zake.

"Mama Fadhila, iko njia tatu za kuuza mu internet," Abigaïl akasema. "Ya kwanza, Facebook: bantu bengi, kelele mingi. Ya pili, katalogi ya WhatsApp: unatia picha, muntu anakuandikia, munaongea. Ya tatu njo boutique ya kweli. Iko na picha, iko na bei, iko na kikapu. Muntu anachagua, anatia mu kikapu, analipa na simu yake. Weye unaweza kulala, unaweza kusali, boutique inauza."

"Na tunaongea saa gani?"

"Hamuongei. Njo uzuri wake."

Fadhila akalipenda hilo la tatu papo hapo. Duka linalouza huku mwenyewe yuko kwenye mkeka wa swala, nani atalikataa? Abigaïl akamwambia kwamba lina malipo ya kila mwezi na lile la WhatsApp ni bure, lakini wapi, masikio yalishaziba. Wakapiga picha za mashuka yote. Ikafika zamu ya bei. Abigaïl akauliza, Fadhila akataja bila kupepesa macho.

Sasa hapa ngojeni kidogo. Sisi tuliozaliwa huku tunajua kwamba muuzaji wa Kamina akitaja bei, hajataja bei. Amefungua mazungumzo tu. Anaanza juu ili mnunuzi ashike kifua na kusema, "Ye mama, unataka kuniua!" Mnunuzi ajifanye anaondoka, aitwe, arudi, aulizwe habari za watoto, alie njaa kidogo, mpaka wakutane katikati. Na juu ya hapo apewe matabishi, kile cha bure cha kumfurahisha, hata kama ni kitambaa cha mkono. Ukimtajia mtu bei ya mwisho tangu mwanzo umemnyima raha ya kushinda, na huo ni utovu wa adabu. Basi Fadhila, kwa adabu zote za mama yake, akatia bei ya kuanzia kwenye duka lisilo na mdomo. Na Abigaïl, naye mtoto wa hapa hapa, akaiandika bila kushtuka.

Duka likafunguliwa, Abigaïl akatuma kiungo chake kwa wateja wote wa zamani na ndugu, kisha kimya. Ramadhani ikaingia, ikasonga, hakuna aliyelipa hata foronya moja. Kila akitoka kwenye swala Fadhila alifungua simu, akaifunga. Djafari akapiga: "Biashara iko namna gani?" Akajibu, "Inaenda pole pole," na sauti ikamsaliti. Jioni hiyo alianza kupanga vyombo, hivi vya kugawa, hivi vya kwenda navyo Kolwezi. Akalia, akafuta machozi kwa shuka la kuuza.

Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe wa sauti. Alikuwa Mama Mbayo wa Likasi, mteja wa zamani aliyekuwa anamwoza binti yake, na alikuwa anawaka.

"Fadhila! Weye njo mwanamuke wa namna gani? Minyi nimetia mashuka mu kikapu, nakaa, nangoja. Nangoja unikujie tuongee bei! Unaniacha nimesimama kama muntu asiye na kwao. Kama hautaki kuniuzia, sema tu!"

Fadhila akausikiliza tena, akajitupia ushungi kichwani, akaenda kwa Abigaïl karibu na kukimbia. Abigaïl akafungua upande wa ndani wa lile duka, ambako hakuna kati yao aliyewahi kuchungulia. Kumbe! Vikapu vimejaa tele, kila kimoja na jina la mtu na namba ya simu, na hakuna hata kimoja kilicholipiwa. Watu walikuwa wamechagua mali yao, wakasimama, wakangoja mwenye duka aje waelewane. Mwenye duka naye kakaa kwake, anangoja mtu aseme "punguza."

Abigaïl alicheka mpaka akashika meza. Fadhila kwanza aliona aibu, uso ukamwaka moto. Kisha kicheko kikamshinda naye, saumu na yote.

"Tushushe bei," Abigaïl akasema akipangusa macho. "Tuandike ya mwisho, tufunge."

"Na watasadiki kama ni ya mwisho?"

Abigaïl akafikiri. "Hata minyi siwezi kusadiki."

"Basi funga hii, unifungulie ile ya WhatsApp, ile ya kuongea. Lakini kwanza nipe hizi namba."

Akakaa palepale kwenye kiti cha wateja, akaanza kupiga. Salamu kwanza, wagonjwa, watoto, mvua, ndipo mashuka. Mama Mbayo alimpigia kelele, akamlilia, akamshusha bei, akapandishwa kidogo, akapata foronya ya matabishi, akakata simu akiwa na furaha kama yeye ndiye anayeolewa. Mmoja baada ya mwingine. Ilipokaribia saa ya kufuturu, Fadhila alikuwa na kazi ya kumtosha mpaka mvua zijazo, na sauti imemkauka.

Kikabaki kikapu kimoja, kikubwa kuliko vyote, mashuka na foronya na pazia. Akasoma jina, akapiga namba hiyo. Djafari.

"Kaka, na weye?"

"Mimi nilitia siku ya kwanza kabisa!" Djafari akafoka. "Nikangoja. Nikasema, mudogo wangu amekuwa tajiri, hata kaka yake hamupunguzii."

"Mashuka yote haya ya nini?"

Djafari akashusha sauti. "Ya chumba chako. Wifi yako alitaka kununua ya kiwandani, nikamukatalia. Nilitaka ulale mu kazi ya mikono yako."

Fadhila akageuka ukutani, Abigaïl asimwone. Alitamani kusema "nakuja," kwa jinsi alivyompenda kaka yake saa ile.

"Kaka, leo nimeuza. Nimeuza vikapu vyote ila chako. Minyi nabaki Kamina."

Djafari alitaka kubisha, Fadhila akamwahi.

"Lakini nitakuja kwa Idi nilale humo," akaongeza. "Juma moja."

"Mwezi."

"Juma moja, kaka. Iko bantu wanangoja mashuka yao."

"Majuma mawili, basi. Punguza kidogo!"

"Hapana. Hiyo njo ya mwisho."

Fadhila akamsikia Djafari akimwita mkewe, akimwambia pole pole kwamba dada haji kukaa. Kisha akarudi kwenye simu na kuuliza, kama mteja yeyote, mzigo wake utaondoka Kamina siku gani.