Jiwe la Visigino vya Mama

Mume wangu Sadala analamba mawe. Naanza na hilo kwa sababu majirani zetu hapa Korogwe wananificha kwa adabu, wakidhani sijui. Najua. Anaokota jiwe njiani, analifuta kwenye suruali, analipitishia ulimi, kisha analiinua juani. Anasema jiwe likilowa ndipo linapoonyesha rangi litakayokuwa nayo likishang'arishwa. Mimi nasema bomba la maji lipo uani.

Ugonjwa huu ulimwanza alipostaafu kiwanda cha mkonge kule Ngombezi, alikokuwa fundi wa mitambo. Mtu aliyezoea kelele tangu ujana wake akaletwa nyumbani kwenye ukimya, akanyauka. Alikuwa anakaa barazani na kikombe mpaka chai inapoa, anasikiliza pampu ya jirani. Niliogopa, sitasema uongo. Kisha siku moja akaja na mota iliyokufa, akaifufua, akaiunganisha na mabomba mawili ya chuma yanayozunguka, na juu yake akalaza ndoo ya rangi iliyotandikwa mpira wa tairi kwa ndani. Humo akatia mawe, maji na mchanga mkali, akafunga mfuniko, akawasha. Ndoo ikaanza kujiviringisha, kru-kru-kru, mchana na usiku, wiki baada ya wiki, maana mawe hayalainiki kwa siku moja. Mchanga mkali ukimaliza kazi unafuata mchanga laini, na mwisho ule unga ambao mafundi wa vigae wanang'arishia sakafu.

Sadala akarudi kula. Akarudi kuimba akioga. Na mimi nikaanza kuumwa kichwa.

"Baba Muhsin," nikamwambia, "siku dude hili likiharibu kitu cha mtu, kitu kimoja tu, linakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu."

"Mama Muhsin, likiharibu kitu cha mtu nitalibeba mwenyewe begani."

Tukapeana mikono, nami nikakaa kusubiri.

Ndipo mama yangu alipokuja kutoka Sindeni kutibiwa macho. Mama ni Mzigua wa zamani, na kwake mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Yeye na Sadala hawatazamani usoni, hawali pamoja, hawasemeshani. Wakiwa na la kuambizana wanalipitisha kwangu. Mmoja yuko upande huu wa jiko, mwingine upande ule, katikati yao kuna mabati tu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, lakini lazima nisimame pale. "Mama, mkwe wako anauliza umeamkaje." "Mwambie nimeamka salama." "Baba Muhsin, anasema ameamka salama." Tangu niolewe hiyo ndiyo kazi yangu, na sijawahi kupewa likizo.

Mama alikuja na kanga zake, dawa zake na jiwe lake la kusugulia visigino. Lilikuwa la rangi ya udongo, linaparuza kama ulimi wa ng'ombe, na upande mmoja lilikuwa na kishimo kilichochimbwa na vidole gumba, cha kwake na cha mama yake aliyemrithisha. Alipomaliza kuoga akaliweka juu ya ukuta mfupi wa bafu la uani. Na Sadala mawe yake akishayaosha anayaanika wapi? Juu ya ukuta huohuo.

Kesho yake jiwe halikuonekana. Tulitafuta mpaka kwenye majivu. Kumuuliza Sadala haikuwezekana, kwa sababu Mama alinikataza. "Vitu vyangu vya bafuni havitajwi mbele ya mkwe," alisema. "Acha tu, si kitu." Aliyasema hayo kwa sauti ya mtu ambaye kwake ni kitu kikubwa, akawa anasugua miguu kwa gunzi la mahindi. Siku moja nilimkuta amelishika lile gunzi bila kulitumia, macho yamelowa, na hayakuwa yamelowa kwa dawa. Niliumia sana.

Wiki zikapita. Asubuhi moja Sadala akaniita bandani kwenye mashine yake, amefungua ndoo, ametandaza mawe yake juu ya gunia. Yalikuwa yanawaka, hilo siwezi kumnyima.

"Tazama hili," akasema. "Ndilo mfalme wao."

Lilikuwa jiwe jeusi linalong'aa, limejaa punje nyekundu mithili ya mtama. Nikalichukua. Kidole changu gumba kikazama kwenye kishimo.

"Hili umelitoa wapi?"

"Pale ukutani kwa bafu. Nililamba mara moja tu, nikajua."

"Baba Muhsin, hili ni jiwe la Mama. Anasugulia visigino."

Sadala aliufuta mdomo kwa mkono wa shati. Mimi nilicheka mpaka nikashika nguzo. Mwanamume asiyethubutu kumtazama mama mkwe usoni, ulimi wake umefika mpaka kule!

Yeye hakucheka. Alikaa juu ya kopo, akatazama ndoo yake tupu. Mota ilikuwa imezimwa, na ukimya ulioingia bandani ulikuwa uleule wa barazani na kikombe cha chai. Niliuona. Lakini kichwa changu nacho kilikuwa kimepoa kwa mara ya kwanza tangu masika, na ahadi ni ahadi.

Nikaliweka jiwe kwenye sahani, nikampelekea Mama jikoni. Sadala akaja akasimama upande wake wa mabati.

"Mwambie Mama nilichukua bila kujua," akasema. "Namwomba radhi. Nitamtafutia lingine, hata kama nitaumaliza mto mzima."

Nikamgeukia Mama. "Mama, mkwe wako anaomba radhi, alichukua bila kujua. Anasema hiyo mashine yenyewe anaiuza kesho."

Nyuma ya mabati nilisikia Sadala akivuta pumzi. Hakuweza kunikanusha, kwa sababu kunikanusha kungekuwa kumsemesha Mama.

Mama alilisogeza jiwe karibu na macho yake. Aliligeuza, akatia kidole gumba kwenye kishimo, akaligeuza tena. Kisha akayageukia mabati.

"Mkwe."

Tangu niolewe sikuwahi kumsikia akimwita.

"Naam, Mama."

"Hayo ya kuuza mashine sikuyasikia kwako."

"Sikuyasema, Mama."

Mama alinitazama. Macho yale yanayotibiwa yaliniona vizuri sana.

"Kwa visigino limeharibika," akaendelea kumwambia yeye. "Utanitafutia lingine. Lakini nimelishika hili tangu nikiwa binti, na mama yangu kabla yangu, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba ndani liko hivi. Kawashe dude lako. Mimi usingizi wangu wa mchana nimeuzoeza kelele yake." Akalirudisha jiwe kwenye sahani. "Na hilo la kulamba nililisikia kutoka hapa. Tusilizungumze."

"Ndiyo, Mama."

Sadala alikwenda mtoni, akakaa ukingoni akayajaribu mawe moja moja kwenye miguu yake mwenyewe, watu wakipita wanamtazama, mpaka akapata lililomridhisha. Sasa ana visigino laini kuliko vyangu. Mama akarudi Sindeni na mawe yote mawili, moja bafuni, lingine sebuleni juu ya kitambaa cha kufuma. Mashine inanguruma kama kawaida.

Jana Mama alipiga simu. Nilifuta mikono haraka, nikapokea, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nipe mkwe wangu."

Nikampa. Wakaongea kuhusu jiwe la kijani ambalo Mama ameliokota njiani akitoka shamba, na mimi nikabaki nimesimama pale, kwa mazoea, nikisubiri wa kunituma.