Mshubiri wa Shangazi

Shangazi alikuwa msusi. Chumba chake cha mbele kilikuwa na viti viwili, kioo kilichopasuka pembeni, na dirishani makopo ya rangi alimootesha mshubiri, huo ambao wengine huuita alovera. Wenye mba, wenye nywele za kukatika, wenye ngozi kavu, wote waliondoka kwake wakinukia majani mabichi. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo, hata kwenye sabuni ya dukani, nasimama kidogo.

Mama, fundi cherehani, alikuwa hakanyagi pale. Miezi saba walikuwa hawasemezani, kisa gauni alilomshonea. Shangazi alilalamika kuwa linambana, mama akamjibu mbele za watu, "Gauni halijapungua, wifi. Wewe ndiye umeongezeka." Tangu hapo nikawa mpeleka salamu wao, ingawa hakuna aliyenituma salamu.

Jumamosi moja asubuhi, siku mbili kabla ya picha yetu ya kumaliza shule, mama alikuwa akininyoosha nywele kwa chanuo la chuma lililopashwa jikoni. Nikageuza kichwa. Chanuo likanigusa kwenye paji la uso. Mama aliniinamisha chini ya bomba la maji kwa muda mrefu. Kisha akajitupia mtandio.

"Twende kwa shangazi yako."

"Na wewe unaenda?"

"Kwani nani kakuunguza?"

Shangazi alinitazama paji la uso, wala hakumtazama mama. Alikata jani nene la chini, akalisimamisha ndani ya bakuli ili maji yake ya manjano yachuruzike. "Hayo usiyaguse, utajikuna mpaka kesho," aliniambia. Yalipokwisha akalimenya, akausuuza ule ute mweupe, akaniwekea taratibu. Ubaridi wake uliingia mpaka kwenye macho.

"Itabaki alama?" mama aliuliza.

Shangazi akanigeukia mimi. "Mwambie mama yako ngozi changa haina kinyongo."

"Mwambie shangazi yako nimesikia."

"Mimi niko hapa katikati," nikasema, "na nyote mnasikiana."

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. Halafu akamtazama mama vizuri. "Wifi, nywele zako za mbele zimekwenda wapi?"

"Zimekatika."

"Kaa."

Mama akakaa. Shangazi aliuponda ute uliobaki, akauchanganya na mafuta ya nazi, akamsugua kichwa polepole. Mama alifumba macho.

"Lile gauni lilete," alisema. "Kwenye mshono nilibakiza kitambaa."

"Ulijua nitanenepa?"

"Nilijua nimekosea vipimo."

Mikono ya Shangazi ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

Jumamosi zikawa zao tangu siku hiyo. Nilikaa kizingitini nikiwasikiliza wakimsema baba, ambaye kwa mmoja alikuwa kaka na kwa mwingine mume, hivyo kila mmoja alikuwa na lake la kuongeza. Alilala na soksi. Alipiga chafya kwa makelele. Walicheka mpaka wateja wakasahau zamu zao.

Sasa wote wawili wametangulia. Baba yupo, mzee, na hana tena wa kumsema. Nikienda kumwona huniuliza kama siku hizi ana kosa lolote. Namtafutia moja.