Kofi la Kuchelewa

Gichuru alisikiza ile kaseti ya biti mpaka betri zikalegea, na bado hakujua kama amepewa kitu ama amechezewa. Besi ilikuwa inashuka mpaka tumboni, hapo hakuna shida. Shida ilikuwa kofi, ule mlio wa mikono. Kila mara yeye akimaliza mstari wake, kofi ndio linafika, kama mtu alikuwa ameenda choo. Na Jumamosi alikuwa apande jukwaani Ruiru na hiyo ngoma moja tu, mbele ya wasee wa Gatongora wenye walikuwa wamesema hajui kurap.

Akashika njia mpaka Makongeni. Muzammil alikuwa anatengenezea watu biti ndani ya store ya mjomba wake ya magodoro, kwa sababu hapo kelele haiingii wala haitoki. Vyombo vyake ni keyboard ya mtoto na redio ya deki mbili. Akipenda kipande anakirekodi kutoka deki hii hadi ile, anabonyeza pause, anarudisha, anarekodi tena, mpaka vipande vinashikana vinakuwa wimbo. Kidole chake kimeota sugu.

"Niaje, Muza. Hii kitu umeniharibia."

"Wapi?"

"Kofi. Linachelewa."

"Halichelewi. Wewe ndio uko na haraka."

"Makofi ya watu wengine yanaingia straight, msee."

"Basi enda kwa hao watu wengine." Muzammil hakuwa amekasirika, alikuwa anatafuna njugu. "Hilo kofi si ni wewe uliniletea?"

"Mimi nilikuletea kaseti ya kufuta urekodi juu yake. Niliitoa kwa kabati ya mathe."

"Ilikuwa na kwaya ya kanisa. Kikuyu sijui, lakini nilisikiza yote. Wanapiga makofi pamoja kama askari. Halafu kuna mmoja huko nyuma anapiga vibaya vizuri sana. Nikamtafuta mpaka nikapata mahali ako peke yake. Biti nimeweka side A, kwaya yenyewe iko side B, sijaguza. Utafutaje watu kama hao?"

Gichuru akarudi nyumbani kichwa kimejaa. Vibaya vizuri ndio nini sasa? Akaweka kaseti kwa redio, akaanza kurap, akagongana na kofi, akarudisha, akagongana tena.

Mamake, Warigia, alikuwa hapo kwa stuli anachagua maharagwe.

"Huyo ni mimi," akasema, macho kwa sinia.

"Nani?"

"Huyo anapiga makofi. Mwalimu wa kwaya alinirudisha nyuma juu ya hii mikono. Ati naharibia wengine." Akatoa jiwe, akalitupa nje. "Nani amenitoa huko?"

"Kijana wa Makongeni. Anaitwa Muzammil."

"Muislamu?"

"Eeh."

Mamake akachagua maharagwe kidogo. "Na amenileta mbele."

Gichuru akangoja aulizwe kuhusu kaseti aliyoitoa kwa kabati. Hakuulizwa. Uso wa mamake haukuonyesha kama ni furaha ama ni hasira.

"Hebu rudisha," mamake akasema. "Unakimbia sana. Nani anakufukuza?"

Akaweka sinia chini, akapiga makofi na redio. Gichuru akaangalia mikono. Ilikuwa inafunguka mbali kuliko ya watu wengine, halafu inarudi polepole, kama mtu anabeba maji. Akajaribu kuweka maneno hapo katikati. Mengine yaliingia, mengine yakaanguka.

Jumamosi hall ilijaa. Biti ilianza, na wale wasee wa Gatongora wakacheka kofi lilipochelewa. Gichuru hakuanza. Alingoja, akiona ile mikono ya mamake inafunguka, kofi likatua, ndio akaingia. Kicheko kikaisha. Hakuna mtu alipiga nduru. Watu walisimama tu, shingo zinaenda na kurudi kama watu wanatafuta kitu kimeanguka.

Akashuka bila kujua kama ameshinda ama amechomeka mbele ya watu. DJ mwenye alikuwa anachezesha kaseti akamshika mkono.

"Hiyo biti ametengeneza nani?"

"Mathe," Gichuru akasema, halafu akashtuka. "Muzammil, wa Makongeni. Lakini kofi ni la mathe."

"Sasa ni nani kati yao?"

Gichuru akafikiria magodoro, kile kidole chenye sugu, na sinia ya maharagwe.

"Hata mimi sijui," akasema. "Lakini nipatie kaseti yangu. Side B ni ya kanisa."