Alichokiona Upepo

Springi na Upepo walikuwa wanyumba, wameoa dada wawili wa tumbo moja, na kwa zaidi ya mwaka walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Ubaya ni kwamba walifanya kazi kwenye uwanja mmoja, chini ya paa moja la bati. Springi alikuwa fundi wa kunyanyua magari: anabadilisha springi na shokapu, gari linapanda juu. Upepo alikuwa mtu wa tairi. Mteja aliyetaka gari linyanyuliwe na livishwe tairi kubwa alianzia kwa mmoja na kumalizia kwa mwingine. Walihitajiana, na hilo ndilo lililowauma zaidi.

Chanzo cha ugomvi wao ni gurudumu. Gari la Springi lilichomoka gurudumu barabarani, mkewe, aliye mkubwa kati ya wale dada wawili, akiwa kwenye usukani, akavunjika mkono. Asubuhi ile ni Upepo aliyelifunga gurudumu. Springi hakumwita pembeni. Alingoja mpaka siku ukoo umekaa pamoja, wakwe wote wapo, akasema mbele yao kwamba mwanyumba wake hajui hata kukaza nati. Upepo aliapa kuwa alizikaza zote, moja baada ya nyingine. Tangu hapo wakawa wanazungumza kupitia kwa wateja. Mmoja akitaka jeki, mteja aliyesimama katikati alitumwa kuiomba hatua nne tu mbele yake.

Kisha akaja mpima ardhi. Alikuwa mama mwembamba, viatu vyake vina tope la viwanja vya watu, asiyependa maneno mengi. Mawe yalikuwa yanagonga tumbo la gari lake la fowili, linalovutwa na magurudumu yote manne, kila alipokwenda kazini. Alitaka linyanyuliwe inchi mbili na lipewe tairi kubwa zaidi.

Springi alilishughulikia siku mbili. Upepo, ambaye angefurahi mno kuona kasoro, alichungulia kwa pembe ya jicho na hakuiona. Hata mipira ya breki, ile inayopeleka mafuta kwenye magurudumu, Springi aliipima magurudumu yakining'inia na usukani ukiwa umekatwa mpaka mwisho. Ilitosha. Ila aliipima kwa tairi za zamani. Kisha akalisukuma gari upande wa pili na kuandika kwa chaki kwenye kioo: TAYARI. Kuandika kulikuwa rahisi kuliko kufungua mdomo.

Upepo akavalisha tairi mpya. Zilikuwa pana, na rimu zake zilizama ndani zaidi. Kabla hajashusha jeki, alikata usukani mpaka mwisho, akachuchumaa kutazama. Mbele kulia, mpira wa breki ulikuwa umeegemea bega la tairi. Akalizungusha gurudumu kwa mkono. Vumbi jembamba jeusi likatokea kwenye mpira.

Alikaa pale muda mrefu. Springi alikuwa karibu tu, kampa mgongo, anapiga mluzi. Neno moja lingetosha. Kishikio cha mpira kingehamishwa, kazi ya nusu saa. Upepo alijiambia kwamba mipira ya breki si kazi yake. Lakini chini ya wazo hilo kulikuwa na jingine. Acha mpira uvuje. Acha mama huyu arudi na hasira zake, amseme Springi mbele za watu kama yeye Upepo alivyosemwa. Alichokiona kichwani mwake ni dimbwi dogo la mafuta chini ya gari lililoegeshwa. Mteremko hakuuona.

Akashusha jeki.

Siku ya kumi na moja gari lilirudi likiwa limekokotwa, bampa limeingia ndani. Mpima alitangulia kwa miguu, kidevu kimefungwa bandeji, mkononi ameshika kipande cha mpira kilicholika. Alieleza kwa ufupi. Alikuwa anateremka kwenye machimbo ya zamani. Alikata kona kali ya kulia, na alipokanyaga breki mguu ukazama hadi sakafuni. Breki zilizobaki hazikuumudu uzito. Alivuta breki ya mkono, akarudisha gia chini, akalielekeza gari kwenye rundo la kokoto.

Aliuweka ule mpira juu ya pipa. "Nani?"

Springi akasema yeye alipima na vipimo vyake vilikuwa sawa. Upepo akasema yeye ni wa tairi tu. Wote wawili walimwambia mpima, kila mmoja akimruka mwenzake kana kwamba hayupo. Mpima aliwaacha wamalize. Kisha akasema watalitengeneza wote wawili, hapohapo, yeye akiangalia, na likiwa tayari watateremka naye pale pale alipogongea.

Walifanya kazi vichwa vyao vikiwa chini ya madigadi moja, mabega yakikaribia kugusana. Wakafunga mpira mrefu zaidi, wakahamisha kishikio, wakapunguza mkato wa usukani. Katikati ya kazi Springi alimwambia mpima, "Mwambie asogeze taa."

"Mwambie mwenyewe," mpima akajibu. "Masikio anayo."

Springi akaona heri apapase gizani.

Bampa waliliacha hivyo hivyo. Kwenye safari Springi alishika usukani, Upepo akaketi kando yake, mpima akakaa nyuma. Kwenye kona ya juu ya machimbo Springi alikanyaga breki, gari likatulia. Akakata usukani wote kulia, akasogea taratibu, akategea sikio. Hakuna kilichogusa.

"Tairi ile ilikuwa inagusa waziwazi," alisema, macho kwenye kioo cha mbele. "Hata kipofu angeona."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Upepo tangu mwaka uliopita. Upepo angeweza kukana, nani angemshuhudia? Lakini alikuwa anatazama chini. Nyuma ya rundo la kokoto palikuwa na nyumba, na wanawake wawili walikuwa wanaanika nguo.

"Niliona," alisema.

"Lini?" mpima akauliza.

"Siku ile ile. Kabla sijashusha jeki."

Springi akavuta breki ya mkono. "Ukanyamaza ili nionekane mjinga."

"Ndiyo."

Sauti ya mpima ilipotoka nyuma ilikuwa ya chini kabisa. "Na mimi nilikuwa nani katika ugomvi wenu?"

Mpima akamwambia Upepo ashuke. Alipanda kilima kwa miguu, jua limemkabili usoni, na nyuma yake akalisikia gari likiendelea kuteremka, likisimama, likiteremka tena.

Alipofika nyumbani habari ilikuwa imemtangulia; dada mkubwa alikuwa ameshapiga simu. Mkewe alikuwa anakunja nguo kitandani. Upepo alimweleza yote, hata lile wazo la chini, maana hakuona tena faida ya kuficha.

Mkewe alikunja shati, akaliweka juu ya mengine. "Na zile nati, je?"

"Nilizikaza. Zote. Naapa mbele ya Mungu."

"Jana ningekuamini," mkewe akasema, na akachukua shati jingine.

Wiki iliyofuata Upepo alihamia ng'ambo ya barabara kuu, mahali pasipo na paa. Alibeba vitu vyake mwenyewe kwa mkokoteni: mashine ya upepo, jeki, rundo la tairi kuukuu. Springi alisimama langoni tangu mwanzo, mikono nyuma. Katika safari ya mwisho tairi moja ilidondoka, ikabiringika mpaka miguuni pake. Springi aliizuia kwa kiatu, kisha akaondoa mguu, ikaanguka ubavu. Upepo alirudi, akainama mbele yake kuiokota.