Mnara Uliobaki Kwenye Simu

Hakuwa na gari. Hakuwa na digrii, ila cheti cha masomo ya jioni alichokipigilia ukutani kwa misumari mirefu kana kwamba kuna mtu angekuja kukiiba. Hakuwa na ofisi. Alikuwa na meza, taa ya kuinamia na kiti kilichotikisika. Hakuwa na mke, jambo ambalo dada yake alimkumbusha kila alipopata nafasi. Na zaidi ya yote hakuwa na akili ya njia. Mtu huyu angeweza kuingia dukani kwa mlango mmoja, akatoka kwa mlango uleule, na bado akapotea. Ndiyo maana mtaa mzima ukamwita Dira.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeketi kutengeneza programu ya simu ya kuwaongoza abiria wa mabasi. Watu walicheka, na tusiwalaumu.

Mchana alibadilisha vioo vya simu vilivyopasuka. Jioni, wateja wakishaondoka, alifungua kompyuta yake kuukuu akaendelea na programu yake. Dada yake, ambaye alikuwa mpangaji wa ratiba katika kampuni ya mabasi, alimpa majina ya vituo na saa za mabasi kupita. Kazi ilitoka nzuri. Ukigusa kituo, ramani ilifunguka. Ukiisukuma kwa kidole, ilisogea. Ukigeuka, mshale uligeuka nawe.

Ukweli ni kwamba aliitengeneza kwa ajili ya mtu mmoja tu, baba yao. Mzee alikuwa mwashi mstaafu na mjane, akiishi na watoto wake hao wawili katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Kila wiki alipanda basi kwenda kwenye ukumbi wa waashi wastaafu, kucheza drafti na kubishana na wenzake. Lakini siku za karibuni alikuwa amepitiliza kituo zaidi ya mara moja, na habari zilimfikia kaka yao mkubwa, aliyeishi mji mwingine.

"Mzee kapotea tena?" kaka alimuuliza Dira kwenye simu.

"Hakupotea, kaka. Alichelewa kufika."

"Alichelewa kufika wapi? Si walimkuta mwisho wa njia, basi linafagiliwa na yeye bado kakaa! Sikiliza, mdogo wangu. Nimeshamwandalia chumba huku. Akipotea tena, nakuja kumchukua. Na safari hii simbembelezi mtu."

Mzee alikuwa mlangoni, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Mwambie hicho chumba aweke baiskeli," alisema, akaenda zake.

Siku ya kujaribu programu ilipofika, Dira alimkalisha baba yake mezani.

"Gusa hapa, baba."

Mzee akagusa. Kimya. Akagusa tena. Mwishowe akabonyeza kwa nguvu, kama anayepima iwapo plasta imekauka.

"Simu yako hii hainitambui."

Hapo Dira alikuwa kwenye uwanja wake. Vidole vya mzee vilikuwa vimeliwa na saruji maisha yake yote. Ngozi ya nchani ilikuwa nene na kavu, na kioo cha kugusa hakiisikii ngozi ya namna hiyo.

"Baba, simu inaona hicho si kidole, ni jiwe," dada alisema akicheka kutoka jikoni.

"Jiwe hilo ndilo lililokusomesha, mama," mzee alimjibu.

Dira alirudi mezani kwake. Aliondoa vitufe vyote vidogo, akakifanya kioo kizima kuwa kitufe kimoja. Mzee angekifunika kwa kiganja, na simu ingemjibu kwa kutetemeka: mtetemo mfupi, bado; mtetemo mrefu, inuka. Akishuka, mshale ungemwonyesha upande wa kuelekea. Mzee alijaribu, akatabasamu mpaka akaonekana kijana. Siku iliyofuata akaenda zake kwenye drafti, simu mfuko wa shati, kofia kichwani, mwenyewe kwa raha zake.

Alirudi jioni kwenye gari la mafundi wa karakana ya mabasi. Walimkuta amekaa getini kwao wakampa chai.

"Simu ilitetemeka, nikashuka," alieleza. "Ila mshale ulikuwa umeshaniambia kulia tangu ndani ya basi. Nikaenda kulia. Nikaenda, nikaenda. Watu wazuri sana wale mafundi."

Kaka mkubwa alipopiga simu, mzee hakupokea. Baada ya siku chache ikaja barua yake, imepigwa chapa vizuri, imesainiwa chini: mwisho wa mwezi angefika na gari. Mzee aliisoma kwa utulivu, akaikunja.

"Aliyeniandikia kwa barua nitamjibu kwa barua," alisema. "Ila si leo."

Kesho yake Dira alimkuta uani, anasugua vyombo vyake vya uashi kwa mafuta, mwiko na timazi ya kunyooshea ukuta, kimoja kimoja, na kuvifunga kwenye gunia. Hakusema anavifungia nini. Dira alirudi ndani, akakitazama cheti chake ukutani, na kwa mara ya kwanza kilimtia aibu.

"Unajua tatizo lako?" dada yake alimwambia usiku huo wakila. "Umekaa hapo unatengeneza njia za watu, na hujawahi kupanda basi na baba hata siku moja."

"Nipande naye nikapotee mimi?"

"Mtapotea pamoja. Angalau mtakuwa na mazungumzo."

Basi Dira akapanda. Basi lilikuwa nusu tupu, jua la asubuhi likiingia kwa upande. Alikaa kiti cha mbele, akainua macho kumtafuta baba yake, akakuta wanatazamana. Mzee alikuwa amekaa nyuma ya dereva, kwenye kiti kilichoupa mgongo uelekeo wa basi.

"Baba, mbona umekaa kinyumenyume?"

"Magoti. Hapa naweza kunyoosha miguu. Tena nauona mji vizuri."

"Unauona ukiwa umeshapita."

"Na wewe unauona kabla hujafika. Tumlaumu nani?"

Dira aliitazama simu iliyochungulia mfukoni mwa shati la mzee. Mshale! Mshale ule ulifuata uso wa simu, na simu ilifuata uso wa mzee, na uso wa mzee ulitazama walikotoka. Kulia kwake ndani ya basi kulikuwa kushoto kwa kila mtu, na aliposhuka akatazama mbele kama wengine, kulia ile ikampeleka kinyume. Katika majaribio yake yote Dira alikuwa amekaa akitazama mbele, kama walivyokaa wote aliowajua wanaotengeneza ramani.

"Zamani ulijuaje pa kushuka?" aliuliza taratibu.

"Rahisi. Naona mnara wa maji umepita. Halafu tanuri la matofali. Halafu ukuta wa shule niliojenga mimi, ule wenye matundu yenye umbo la maua. Ukuta ukishapita, nainuka."

"Kwa hiyo shida ilianza lini?"

Mzee alionyesha kwa kidole uwanja mtupu wa magari uliokuwa ukiachwa nyuma.

"Walipoubomoa mnara," alisema. "Sasa sijui nianze kuhesabu wapi."

Dira alifanya kazi siku zote zilizofuata, na wateja wa vioo walisubiri, wengine kwa matusi. Alifuta ramani. Alifuta mshale. Badala yake aliweka uzi mmoja mnene uliopanda katikati ya kioo, na juu yake picha za vitu vilivyokwisha kupitwa, kila kimoja kikishuka chini kadiri basi lilivyosonga. Kiganja kikiwekwa, simu ilitaja kilichopita na kutetemeka. Na pale ambapo sasa palikuwa na uwanja mtupu wa magari, aliweka mnara wa maji.

Dada yake aliinama begani kwake akaona.

"Hee! Mnara huo haupo."

"Najua."

"Huwezi kuweka kwenye ramani kitu ambacho hakipo. Kazini wangenifukuza."

"Hii si ramani ya kazini kwenu. Ni ya mtu anayekaa kinyumenyume."

Dada akavuta kiti.

"Basi uchore vizuri. Mnara ulikuwa na ngazi ubavuni. Tukiwa wadogo ulikuwa unaogopa kuipanda."

"Wewe ndiye uliyeogopa."

"Chora, bwana!"

Siku mbili tatu kabla ya mwisho wa mwezi, mzee aliandika barua yake. Aliandika kwa kalamu, herufi kubwa zilizonyooka kama safu za matofali, na hakumficha mtu. *Mwanangu,* aliandika, *nakushukuru kwa chumba. Waachie wageni. Mimi nikija nitakuja kama mgeni, na nitakuja kwa basi, mwenyewe. Usilete gari.* Aliikunja akaitia kwenye bahasha, lakini hakuifunga.

"Nitaifunga posta," alisema. "Nikifika. Nisipofika, haina maana kuituma."

Posta ilikuwa kituo kimoja tu baada ya ukumbi wa drafti, njia ileile. Dira aliruhusiwa kufuatana naye kwa sharti kwamba akae mbele na asifungue mdomo.

Basi likaondoka. Mzee alikaa kiti chake, simu pajani, kiganja juu yake kama mtu aliyeweka mkono juu ya kichwa cha mtoto. Dira alimtazama uso. Walipita uwanja wa magari, na akaona midomo ya mzee ikicheza kidogo: mnara. Kisha tanuri. Kisha ukuta wenye matundu ya maua. Basi lilipopunguza mwendo, Dira alisimama haraka na kuelekea mlangoni.

Mzee hakuinuka. Alitikisa kichwa, akamwonyesha kiti kwa kidevu.

"Kaa," alisema kwa sauti ambayo basi zima lilisikia. "Hapo ni kwenye drafti. Posta bado."

Abiria wakacheka. Dira akakaa, masikio yanawaka, na hakukumbuka kufurahi hivyo siku nyingine yoyote.

Kituo kilichofuata, simu ilitetemeka kwa muda mrefu. Mzee akainuka taratibu, akashika chuma, akashuka, akageuka upande sahihi bila kumwuliza mtu. Ndani ya posta alitoa bahasha, akalamba gundi, akaibandika. Kisha akapitisha kidole gumba juu ya ukingo, kidole kilekile ambacho kioo kilikikataa, akakandamiza toka pembe hadi pembe kama anayeziba ufa.

"Hapo hapafunguki," alisema.

Akabandika stempu, akaitumbukiza barua kwenye sanduku, na akabaki ameinama kidogo mpaka aliposikia imeanguka chini.