Kitanda cha Nyuma ya Nguzo

Litia, msanifu majengo wa mji wa Lautoka, alipanga maboksi kumi na mawili ghalani yawe vitanda vya wodi mpya ya watoto njiti, ili wauguzi waikague ramani kabla ya ujenzi. Muuguzi mkuu, Makereta, aliketi mahali itakapokuwa meza ya muuguzi wa zamu.

“Naona kumi na moja tu, mwanangu.”

“La mwisho liko nyuma ya nguzo, kama kwenye ramani, mama.”

“Njiti huacha kupumua hata bila kulia. Nitamwonaje?”

Litia akakifuta kitanda kile kwenye ramani. Mkurugenzi wa hospitali akakirudisha. “Tumeahidi kumi na viwili,” alisema. Litia akakataa kuisaini ramani hiyo, akasaini msanifu mwingine.

Wodi ilifunguliwa Jumatatu. Kufikia Jumatano vitanda kumi na kimoja vilikuwa vimejaa, na gari la wagonjwa lilikuwa njiani kutoka mji wa Ba, likimleta njiti mmoja.